Siku Saruji Iliposhuka Kilima

Nilikabidhi funguo za kibanda, fyekeo na filimbi wiki chache zilizopita, na ofisini wakaniomba neno la kuaga. Nikasimama, nikasema asanteni, wakapiga makofi, tukala pilau. Lile halikuwa neno langu. Neno langu ni hili, na nawaandikia ninyi mnaobaki kilimani, hasa wewe Rehema uliyeshika nafasi yangu. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na kila kimoja kilichelewa. Mshahara nao hauna haja ya kuelezwa kwa watu wanaoupokea.

Nianze na kitu chenyewe, maana hata hapa Sumbawanga wapo wanaopita chini ya kilima chetu kila siku wakielekea Milanzi bila kujua kilichopo juu. Ilungu ni tanuru la udongo lililopita urefu wa mtu, pana chini na jembamba kuelekea juu, lenye matundu kuzunguka kitako chake, na tundu moja kubwa kuliko mengine ambalo ndilo mlango. Humo babu zetu waliyeyusha mawe wakapata chuma cha majembe na mashoka. Hawakuvukuta, upepo wa Ufipa uliingia wenyewe kwa yale matundu na kuchochea moto. Yakiwa mengi tunasema malungu. Yetu ni matatu: mawili yamebomoka hadi kiunoni, na moja kubwa limesimama, ila limepoteza mdomo wake wa juu.

Yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, na asiyejua akiyatazama kwa mbali huona vichuguu. Kosa hilo ndilo lililonipa kazi miaka yote, kwa sababu huku kwetu kichuguu ni mali. Ndipo panapotoka udongo mzuri wa kufyatulia tofali.

Siku yangu ya kwanza nilipanda kilima nimevaa koti zito, kitambaa kichwani na viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani naenda ofisini. Juu nilimkuta Mzee Leonsi, mlinzi wa malungu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, anafyeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana, mzee. Nimeletwa na ofisi. Mimi ndiye msaidizi wako."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa. "Niliomba mtu wa kufyeka," akasema. "Wameniletea mwanamke."

Kisha akashika fyekeo lake, akakwangua mstari kwenye nyasi kulizunguka eneo lote la malungu. "Wewe mwisho wako hapa," akaniambia, na akarudi kufyeka.

Enzi za moto, wafua chuma walihamia kilimani wakawaacha wake zao nyumbani. Ilungu lenyewe lilipambwa kama bi harusi, likaitwa mke wao. Mwanamke wa kweli akilisogelea, bi harusi huyo aliona wivu, na chuma hakikutoka. Moto wa mwisho ulizimika kabla Mzee Leonsi hajazaliwa, lakini kwake hiyo haikuwa sababu ya kubadili utaratibu. Nilichukia. Nilishuka kilima nikiapa sirudi, na kesho yake nikarudi nimevaa viatu vya shamba, kwa sababu kama kuna kitu kinachonifanya nibaki mahali ni kuambiwa mwisho wangu uko wapi.

Nikajifunza kazi ya nje ya mstari, na nawaachia ninyi. Njia ya kuzuia moto ifyekwe nyasi zikiwa bado na ubichi. Ukisubiri zikauke, siku utakayoamka kufyeka ndiyo siku jirani yako anachoma shamba. Mti ukiota karibu na ilungu, ukate, usiung'oe, maana mzizi hutoka na udongo. Usifagie kitako cha ilungu hata siku moja. Takataka ziokote kwa mkono, kwa kuwa ufagio nao unakula polepole. Mbuzi fukuza kwa filimbi. Wafyatua tofali fukuza kwa maneno kwanza, filimbi baadaye.

Mmoja wao nilimkuta ameshachimba upande wa lile ilungu dogo la mashariki, jasho linamtiririka.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nachukua udongo, dada. Hiki si kichuguu tu?"

"Kichuguu gani kina milango kuzunguka chini?"

Akainama, akayatazama matundu, akafikiri. "Mchwa nao wana akili," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, tukafukia shimo pamoja. Mpaka leo akipita na baiskeli yake hunipungia mkono. Si kila kesi ngumu inaishia polisi.

Mstari niliuvuka siku ya moto. Upepo ulishuka kutoka milima ya Mbizi ukabeba moto wa shamba la mtu, ukaruka njia yetu tuliyoifyeka na kuingia ndani. Mzee Leonsi alikuwa peke yake upande ule, anapiga moto kwa tawi bichi huku anakohoa hadi kuinama. Sikufikiri habari za bi harusi. Nilivunja tawi langu, nikaingia, tukapiga moto mpaka ukafa hatua chache kutoka kwenye ilungu kubwa. Tukakaa chini, nyuso nyeusi, macho mekundu.

"Umevuka," akasema.

"Nimevuka."

Akatema mate meusi pembeni. "Basi kesho uje na maji ya kunywa ya watu wawili."

Hiyo ndiyo barua yangu ya uteuzi. Tangu siku hiyo alinifundisha kila kitu cha ndani: namna ya kusoma ufa, namna ya kujua kama maji ya mvua yanapita pembeni au yanakaa, na wapi pa kupapasa upate alama za vidole vya waliojenga. Ule mstari hakuufuta. Aliniambia niupange mawe, ili watu wengine wajue mwisho wao. Nikapanga, na mawe hayo yapo mpaka leo. Alipoondoka duniani, familia yake waliniletea filimbi yake nyumbani, imefungwa kwenye leso.

Sasa niwaeleze ile safari, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Parokia yetu iliandaa hija ya Roma, nami nikawa mmoja wa mahujaji. Tulisali, tuliimba, tulipotea, tulipatikana. Siku moja kabla ya kurudi tulipewa mchana wa kujitawala, na wenzangu wote wakaelekea kununua rozari. Mimi nikamwomba Sista Skola, binti wa Kifipa aliyekuwa akisoma huko na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, anipeleke kwenye magofu.

"Magofu yapi, mama? Roma nzima ni magofu."

"Ya mji mzima," nikamwambia. "Nataka kuona wenzangu wanafanyaje kazi."

Tukapanda treni mpaka Ostia, mji wa kale uliokuwa bandari ya Waroma. Bahari imeshaukimbia, watu wameshaukimbia, umebaki mji peke yake chini ya misonobari. Unaingia kwa barabara ya mawe makubwa meusi, yamelainishwa na miguu na magurudumu mpaka yanateleza. Kwanza unapita makaburi, pande zote mbili, kama wafu ndio waliokuwa wakipokea wageni. Halafu kuta zinaanza, za tofali nyembamba nyekundu, nyingine zimefika orofa ya pili, nyingine hazifiki hata magotini. Nilitembea polepole. Sista alikuwa na kijitabu cha maelezo, lakini mimi nilikuwa natazama vitako vya kuta. Nilitaka kujua nyasi zao wanazikata vipi.

Tuliingia kwenye nyumba za kuoga zenye sakafu ya vijiwe vyeupe na vyeusi, vimepangwa vikatoa farasi wenye mikia ya samaki. Tukaona duka la vinywaji lenye kaunta ya mawe na picha ya vyakula ukutani, nikajua mama lishe ni kazi ya zamani sana. Tukaona choo cha umma, kiti kirefu cha marumaru chenye matundu yaliyopangwa bega kwa bega bila ukuta katikati.

"Walikaa hivyo hivyo wote?" nikauliza.

"Wanasema walikuwa wanaongea," Sista akajibu.

"Wanaongea nini?"

Sista Skola alicheka mpaka akashika rozari yake.

Kisha tukaingia kwa mwoka mikate. Paa hakuna, mlango hakuna, lakini mawe ya kusagia yamesimama mle ndani mpaka leo, mawe meusi yenye vitundu vidogo vidogo, yamebanwa kiunoni. Mimi nimelelewa na mama aliyesaga ulezi juu ya jiwe kabla mashine haijafika kijijini kwetu. Nikamkumbuka. Nikaweka kiganja juu ya jiwe.

Filimbi ikalia.

Niligeuka, nikamwona mwanamke wa makamo, nywele za mvi zimefungwa nyuma, amevaa fulana ya kazi, anakuja kwa hasira na kidole hewani. Sista akaanza kuomba radhi kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nimefurahi kuliko siku zote za hija, Mungu anisamehe. Miaka yote nimepigia watu filimbi, leo nimepigiwa mimi, na sababu ni ile ile. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa filimbi ya Mzee Leonsi, nikamwonyesha.

Akasimama. Akaitazama filimbi, akanitazama mimi. Sista akamweleza. Yule mama akacheka kwa sauti, akanishika mkono, na tangu hapo tukatembezwa na yeye mwenyewe.

Tulizungumza kazi. Yeye ana paka, mimi nina mbuzi. Yeye ana wageni wanaotia vijiwe vya sakafu mfukoni, mimi nina wafyatua tofali. Baridi ikija wanafunika baadhi ya sakafu kwa mchanga ili zisipasuke. Nyasi hukata, hawang'oi, nikamwambia Sista amwambie kwamba hata Leonsi alisema hivyo hivyo. Tukafika kwenye ukuta mrefu uliokatika juu, meno meno, nikauliza kwa nini hawakuumalizia.

"Anauliza, tuumalizie vipi?" Sista akatafsiri. "Anasema hakuna aliye hai aliyeuona mwisho wake."

Halafu akatupeleka kwenye ukuta mwingine. Hapo watu wa zamani kidogo, wa enzi za baba yake, walikuwa wameona aibu ya ukuta uliovunjika, wakauongezea juu kwa saruji. Saruji ilikuwa nzima. Tofali za kale chini yake ndizo zilizokuwa zinamomonyoka, unga mwekundu umejaa chini. Maji yanaingia juu, yanakosa pa kutokea, yanasukuma kilicho dhaifu. Yule mama akaupiga ukuta kofi dogo, akasema maneno ambayo Sista alikataa kuyatafsiri.

Nilikaa kwenye jiwe la barabara nikaufikiria mji ule wote. Umevunjika kila mahali, na haujifichi. Wageni wanatoka nchi zote kuja kutembea katikati ya kuta za magotini, na hakuna anayedai arudishiwe nauli. Jioni wenzangu waliponiuliza nimenunua nini, nikasema nimetembea kwenye magofu. Katibu wa kwaya akashika kichwa. "Gaudensia, umetoka Ufipa mpaka huku kuja kuangalia nyumba zilizobomoka? Si tunazo?"

"Tunazo," nikamjibu. "Ndiyo maana."

Haukupita muda tangu nirudi, Bwana Mradi akaja. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa kijana wa mradi wa utalii kutoka Dar es Salaam, msafi, mwenye adabu kwenye simu na haraka akiwa uso kwa uso. Alipanda kilima akihema, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa ni ilungu letu, limekamilishwa. Juu limeongezewa mdomo wa saruji, limepakwa rangi ya kahawia, lina ngazi ya chuma pembeni na uzio, na langoni wamesimama simba wawili.

"Hawa simba wanafanya nini?" nikauliza.

"Wanavutia, mama. Mgeni akipanda mpaka huku akakuta kitu kimevunjika, atasema nini?"

"Atasema kimevunjika."

"Hiyo si biashara, mama."

Sikumwona mjinga, na msimwone hivyo. Alitaka wageni waje mkoani Rukwa, na mimi nataka. Nikamweleza habari za ukuta wa Ostia, za maji yanayokosa pa kutokea. Akasikiliza, akasema atalifikisha. Nikaenda ofisini nikasema tena. Wakaniambia ni maelekezo kutoka juu. Nikauliza juu wapi, kwa sababu juu ya kilima ni mimi. Hawakupenda.

Jioni moja binti yangu Sabina akanipigia simu, sauti imejaa furaha. Mume wake, Deus, ni fundi mwashi. Wanaishi Kizwite katika nyumba waliyoijenga wenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa na mabati upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa turubai. "Mama, Deus amepata kazi ya mradi! Ya kilimani kwako! Mwaka huu tunamaliza paa." Nilisema hongera. Nilipokata simu nilikaa kitandani na simu mkononi, sikuwasha hata taa. Nilijua nitakachokifanya na nilijua kitamwangukia nani.

Sasa, mkwe na mama mkwe kwetu wana mipaka yao. Siku hizi mambo yamelegea, nasikia mjini wengine wanakula sahani moja, lakini Deus ni wa kule kule kwetu na amelelewa akaleleka. Akinisalimia husimama mbali na kutazama pembeni. Nikiwa ndani hapandi paa la nyumba hiyo hata kama linavuja, kwa sababu mkwe hakai juu ya kichwa cha mama mkwe. Siku alipokuja kuezeka jiko langu, mimi nilishinda kwa jirani. Desturi hiyo sikuitunga mimi. Niliikuta, kama nilivyoikuta ile ya mstari.

Siku ya saruji nilipanda kilima alfajiri, nikavua koti, nikalisukuma ndani ya ilungu kubwa kwa mlango wake, nikalifuata kwa tumbo. Nilikwama nyonga, nikasukuma, nikapita. Ndani kuna nafasi ya mtu kukaa akanyoosha miguu. Kuta ni nyeusi na zinang'aa, zina alama za vidole kuanzia chini mpaka unapoishia mkono wako. Juu kuna duara la mbingu lenye meno meno. Nikamwambia yule bi harusi asogee kidogo, nikavaa koti langu, nikakaa.

Lori lilipanda linanguruma. Nikasikia mifuko inapigwa kofi, koleo, vicheko vya mafundi. Nikasikia ngazi inaegemezwa. Mtu akapanda na kamba ya vipimo, kichwa kikatokea juu ya mdomo wa ilungu, kikachungulia. Alikuwa Deus. Tukatazamana uso kwa uso, jambo ambalo halijapata kutokea tangu amwoe binti yangu.

"Mama!" akapiga ukelele, na sijui ngazi aliishukaje.

Kisha sauti yake ikaja kutoka mbali, na kwa jinsi ilivyosikika alikuwa ameshanipa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Deus. Habari za nyumbani?"

"Salama, mama. Sabina hajambo." Akakohoa. "Mama, umo ndani?"

"Nimo."

"Utatoka saa ngapi, mama?"

"Sitoki."

Nikasikia akiondoka, kisha sauti ya Bwana Mradi. "Vipi fundi, mbona umeshuka?"

"Bosi, leo hakuna kazi. Mama mkwe yumo."

"Yumo wapi?"

"Ndani."

"Sasa si umwambie atoke?"

"Mimi?" Deus alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, kama ameambiwa amvue askofu kofia.

"Basi wewe kaa pembeni, hawa wengine waendelee."

Mafundi wakanong'onezana. Mmoja wao, mwenye sauti nzito, akajibu kwa niaba ya wote. "Bosi, mama mkwe wa fundi wetu ni mkwe wetu. Hatuwezi kumjengea mtu juu ya kichwa. Na kumshika ndiyo kabisa."

Bwana Mradi akaja mwenyewe. Niliona viatu vyake vizuri mlangoni, halafu magoti, halafu uso. Mle ndani ni giza, na kutoka nje nadhani aliyaona macho yangu tu. Sumbawanga ina sifa zake za uchawi huko nje, mnazijua, na watu wa Dar huja nazo kwenye begi. Akashusha sauti.

"Mama, hili jambo... ni la kawaida, au ni yale mambo ya huku?"

Sikukubali, sikukataa. "Ndugu yangu," nikamwambia, "tangu asubuhi umenisalimia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa nenda kanitafutie mtu mmoja tu aliyeuona mdomo wa hili ilungu ulivyokuwa. Mlete hapa aniambie ulikuwa mnene kiasi gani na uliishia wapi. Nitatoka, na nitamshikia ngazi mimi mwenyewe. Ukimkosa, sitoki ng'o. Na kesho nitakuwa humu, na kesho kutwa."

"Mama, utapoteza kazi."

"Kazi yenyewe ndiyo hii ninayoifanya."

Akaenda kukaa juu ya mfuko wa saruji. Nilimwona kwa tundu moja, ameshika tama, na nilimhurumia kidogo, kwa sababu naye alikuwa na watu wa kuwajibu. Hapo ndipo wingu likatoka Mbizi. Dereva wa lori akapiga honi. "Bosi, mvua! Turubai sina! Saruji ikilowa mzigo ni wa nani?" Wakapakia mbio mbio, wakifukuzana na matone, na lori likashuka kilima na saruji yake yote. Mimi nilibaki ndani. Mvua ikaniingilia kwa pale pasipo na mdomo, nikalowa mpaka mifupa, na hapo nikakiri kimoyomoyo kwamba kuhusu huo mdomo Bwana Mradi alikuwa na hoja.

Niliitwa ofisini nikagombezwa, nikasema yale yale. Nikaitwa tena, nikayarudia. Mwisho walichoka kuniita. Mradi ukajenga lango na vyoo chini barabarani, na wale simba wawili wapo pale, mmoja ameshapoteza sikio. Lango hilo alijenga Deus. Ni kazi ndogo kuliko ile ya kilimani, na paa lao likaongezeka nusu ya nusu iliyobaki. Turubai likabaki kipande.

Sabina hakunipigia simu masika yote. Aliponipigia aliniuliza swali moja tu: "Mama, mafundi wote hawa wa Sumbawanga, ukaamua kumzuia wangu?" Nikamwambia ndiye pekee ambaye ningeweza kumzuia. Akakata simu. Niliumia, na naumia nikiandika. Lakini mkiniuliza kama ningefanya tena, jibu ni ndiyo, tena ningetangulia na mto wa kukalia, kwa sababu mle ndani pana baridi.

Haya ya mwisho yalitokea siku nilipokabidhi. Rehema, ulikuwa kibandani unahesabu mafyekeo, hukuona. Sabina alipanda kilima na Deus nyuma yake. Deus alipofika kwenye mawe ya Mzee Leonsi alisimama, akavua kofia, akatazama upande wa Kizwite. Sabina akavuka peke yake, amebeba mfuko mtupu wa saruji ulioshonwa mdomo, umejazwa nyasi kavu hadi umevimba.

"Ni nini hiki?" nikamuuliza.

"Deus ameshona. Anasema sakafu ya mle ndani ni ya baridi, usikae hivi hivi."

Nilitazama mawe. Mkwe wangu alikuwa bado ametazama pembeni, lakini alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika. Nikalia mbele ya binti yangu bila kujificha.

Mto huo, Rehema, nimeuacha kibandani, nyuma ya mlango, chini ya makoti ya mvua. Usiutoe ukaukalia mezani. Una kazi yake. Saruji itarudi, safari hii labda na rangi nyingine na wanyama wengine. Ikirudi, usibishane nao sana, wewe huna mkwe fundi. Nipigie simu tu. Ninakaa karibu, na mlango wa ilungu bado unanienea.